Kija Hakuanguka

Kirumba, Mwanza
Jumapili, 15 Septemba

Kwa Baba yangu, Mzee Masele,

Shikamoo Baba. Nakujulia hali wewe na Mama, na magoti yake ambayo mdogo wangu Shimba amenieleza yamepata nafuu tangu aanze kuyachua. Pamba najua mmeshamaliza; je, mpunga wa stoo haujaingiwa na panya tena kama mwaka jana? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, bado naishi kwa dada Dorcas, naye anawaamkia nyote.

Barua hii nampa Shimba mkononi. Ningeweza kupiga simu, lakini nakufahamu, Baba: ungekata kabla sijafika katikati. Naomba uisome yote, hata ukikasirika.

Shimba amenifikishia maneno yako. Umesema niende kwa Mkurugenzi Revocatus nipige magoti, nimwombe radhi, nirudi kazini, kwa sababu wewe ndiye uliyeniombea kazi ya kupika shuleni kwake na sasa nimekutia aibu. Umesema pia kwamba mtu aliyeishia kidato cha pili habishani na wasomi. Nimekusikia. Nisikilize na mimi.

Kuna mtoto wa darasa la nne anaitwa Kija. Analelewa na bibi yake, anayeanika dagaa pale Mwaloni. Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, Kija alichelewa shuleni akapelekwa ofisini kwa Mkurugenzi. Nilikuwa humo, nimepeleka chai. Mkurugenzi akamuuliza kwa Kiingereza kama ni kula ndiko kulikomchelewesha. Mtoto, kwa woga, akajibu I have ate. Ni kosa, Baba; ilitakiwa I have eaten. Akaambiwa arudie, akarudia vilevile. Mkurugenzi akachukua kipande cha bomba la maji nyuma ya mlango. Pigo la kwanza lilimpata mgongoni. La pili Kija alilikinga kwa mkono, na mfupa nikausikia. Sauti yake siwezi kukuandikia.

Mkurugenzi akanigeukia, akaniuliza nimeona nini. Nikasema sijaona kitu. Nikabeba sinia langu nikatoka.

Kesho yake bibi yake Kija akaja dirishani jikoni na barua aliyopewa na shule. Kiingereza hajui, na walimu aliwaogopa, akaniomba nimsomee. Iliandikwa Your child has fell from the swing. Nikamwambia wanasema mtoto ameanguka kwenye bembea. Akanishukuru, Baba. Akaikunja barua vizuri, akaifunga kwenye pindo la kanga. Uongo ule ulipita kinywani mwangu mimi, na siku ile watoto walikula maharage yasiyo na chumvi.

Utajiuliza nimejuaje kwamba hata hiyo barua ya shule ilikuwa na kosa, kwamba si has fell, ni has fallen. Jiko letu linatazamana na darasa la tano, la Mwalimu Gidion anayefundisha Kiingereza. Miaka minne nimesonga ugali huku watoto wakiimba break, broke, broken. Fall, fell, fallen. Vitenzi vya namna hiyo havifuati sheria. Kila kimoja kina njia yake, na dawa yake ni kukariri tu. Tena madaftari ya zamani huletwa jikoni ya kuwashia kuni, na mimi sijawahi kuchoma daftari kabla ya kulisoma. Uliponitoa shule ulisema kichwa changu ni kizito. Si kizito, Baba.

Wiki ile ile barua ilikutwa imebandikwa getini, na nakala yake ikafika kwa afisa elimu kata. Haikuwa na jina. Ilikuwa mistari minne tu ya Kiingereza: kwamba Kija hakuanguka, alipigwa, kwamba mkono wake umevunjwa na ukweli umefichwa. Fallen, beaten, broken, hidden, kila neno limekaa mahali pake. Mkurugenzi akasema Kiingereza kile hakiwezi kutoka kwa mzazi, ni cha mwalimu. Akawakusanya walimu wote bwaloni, akawagawia karatasi, akawasomea vitenzi ishirini ili kila mmoja aandike umbo la tatu. Mimi nilikuwa pale pale nakata kabichi. Hata hakunitazama.

Basi walimu wakaogopa. Walivyonisimulia baadaye, kila mtu alikosea kwa makusudi. Watu wenye digrii, Baba, wakaandika stealed, wakaandika breaked, ili wasishukiwe! Mwalimu Gidion peke yake akapata ishirini kwa ishirini. Alisema hawezi kuandika kitu ambacho asingethubutu kumfundisha mtoto. Akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na mkewe ana kichanga cha wiki mbili.

Ukafika mkutano wa wazazi. Mkurugenzi akasimama akatangaza kwamba mchochezi amepatikana, ni Gidion. Nilikuwa nagawa chai. Nikaliweka birika chini, nikasema kwa sauti, “Si yeye. Nimeandika mimi.”

Watu wakacheka, na Mkurugenzi akacheka kuliko wote. Akasema, “Odeta, wewe ni wa mwiko. Haya, hide, umbo la tatu?”

Nikamjibu, hidden. Akaniuliza choose, nikamjibu chosen. Akaniuliza tear, akaniuliza swear, akaniuliza forbid. Nilimjibu vyote, na kicheko kikawa kinapungua benchi moja baada ya jingine. Alipofungua mdomo kuuliza cha sita, bibi yake Kija akasimama kule nyuma.

“Mimi sikuja kusikiliza Kiingereza,” akasema. “Mkono wa mjukuu wangu amevunja nani?”

Nikajibu mimi, mbele ya watu wote, kama nilivyoona: bomba, mahali lilipotoka, pigo la kwanza na la pili. Nikamwambia bibi yule kwamba nilimsomea uongo dirishani, nami nilijua ni uongo.

Nilifukuzwa hapo hapo, aproni ikiwa bado kiunoni. Mwalimu Gidion amerudi darasani, maana wazazi walikataa kutawanyika mpaka aitwe. Kija bado ana plasta. Shauri litasikilizwa mahakamani tarehe mbili Oktoba, na aliyeona kwa macho ni mmoja tu, ndiye mimi. Hiyo ndiyo sababu Mkurugenzi amekupigia simu, Baba. Hataki radhi yangu. Anataka niseme tena kwamba sijaona kitu.

Sasa liko jambo ambalo hapa nimewaambia watu wawili tu. Watu wananisifu kuwa ni jasiri, nami nanyamaza. Ile barua sikuiandika kwa Kiingereza ili nionekane msomi. Nilijua nikiandika Kiswahili watamtafuta mwandishi kila mahali, hata jikoni. Lakini nikiandika Kiingereza hakuna atakayeniwazia. Nilijificha humo. Na Mwalimu Gidion alipobebeshwa mzigo wangu, nilikaa kimya siku tisa. Nilimwona akitoka getini na vitabu vyake kwenye mfuko wa rambo, nikainama nikapuliza moto.

Aibu yangu ni hiyo. Nimekwenda nyumbani kwake, nikamwambia yote mbele ya mkewe, nikapiga magoti sakafuni. Kwa hiyo magoti unayoyataka, Baba, nimeshayapiga mahali yalipostahili. Kwa Revocatus sipigi, akinirudishia kazi au asinirudishie, ukinikubali au ukinikataa. Tarehe mbili nitasimama mahakamani. Nitasema kwa Kiswahili, taratibu, ili bibi yake Kija asihitaji mtu wa kumtafsiria.

Nisalimie Mama sana, umwambie asilie, hakuna msiba. Wasalimie majirani wote na wa jumuiya yetu ndogo ya kanisani. Krismasi nitakuja, Mungu akipenda, na nitakuamkia kama kawaida.

Shimba anasema ulimtuma anirudishe nyumbani. Anarudi peke yake.

Ni mimi binti yako,
Odeta Masele