Mjomba Hajasikia Ubeti wa Mwisho

Kaka Njeru,

Nyaga anakuja kupiga gitaa Karurumo! Katika uwanja wa shule yetu, ile ile, mbele ya lile darasa ambamo tulikuwa tunakalia mawe! Anakuja na spika kubwa kama mlango wa ghala, taa, bendi nzima, na albamu mpya ambayo watu wa Nairobi wanaitafuta. Mwana wa mimi Wawira! Nimeanza na hiyo kwa sababu nakujua. Simu unaikata ukisikia tu jina la huyo kijana, lakini barua hata ukiichana, mwanzo utakuwa umeshausoma.

Sasa nakusalimu, kaka. Goti lako linasemaje na hii baridi? Na ng'ombe yule mweusi, alizaa? Huku Kianjai mimi ni mzima, maharagwe yamekubali, na kuku wanataga mpaka nagawia majirani. Tangu baba ya watoto anitangulie nilikuwa nimezoea nyumba kimya, lakini mwaka huu sijui kimya ni nini. Unajua nimezunguka na bendi? Ndiyo, mimi, na kilemba changu cha kanisa. Nakaa kiti cha mbele cha lori la Bwana Salimu, yule mfanyabiashara wa Maua, anayetubebea spika bila malipo kwa sababu anasema naye ana mabinti. Kila soko tukipita ananiambia, "Mama, punga mkono, wewe ndiwe mwenye msafara." Na mimi napunga! Kwani nione haya ya nini?

Meru mjini picha ya Nyaga imebandikwa ukutani, nywele zile zote, anaangalia watu kama anawadai. Nilisimama hapo chini nikawaambia wapita njia, "Huyu nilimzaa mimi." Mmoja akaniambia, "Mama, na nywele ulimzaa nazo?" Nikamjibu, "Nywele alijiongezea, sauti ndiyo yangu."

Wakatuita redioni. Mtangazaji akaniuliza, "Mama, huu muziki wa roki wewe unauelewa?" Nikamwambia, "Kijana, kelele za huyu nilianza kuzisikia kabla wewe hujajua kuwasha redio." Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai juu ya meza ya serikali. Sijui kama ni ya serikali, lakini ilikuwa nzuri hivyo.

Basi najua ni siku hiyo ndiyo ulisikia wimbo. Na najua ulivyosikia. Ulinipigia ukasema, "Huyo mtoto ana jina la baba yetu, halafu anampeleka baba redioni kumvua nguo mbele ya watu. Mwambie asikanyage Karurumo." Ukakata. Nikabaki nimeshika simu kama mtu aliyeshikishwa sahani isiyo na chakula.

Kaka, wifi yangu, mke wako, aliniambia mengine ambayo hukuniambia wewe. Ati ukipita pale kiwanda cha kahawa vijana wanakuitia, "Mzee Njeru! Leo amekuja?" Nililia, sikufichi. Kwa sababu wimbo unaitwa "Hakuja Leo", na kila mtu wa rika letu anajua ni nani alikuwa anajibu hivyo.

Unakumbuka? Wewe ulichelewa kuanza shule kwa sababu ya mbuzi, tukajikuta darasa moja, wewe mrefu nyuma, mimi mbele karibu na mlango. Mwalimu anaita majina asubuhi, ukungu bado umekaa kwenye kahawa. "Wawira!" Kimya. Wewe unasimama, "Hakuja leo, mwalimu." Mwezi unaofuata tena, hakuja leo. Mwalimu akadhani mimi ni mvivu. Wewe ukadhani naumwa tumbo. Baba akadhani nimechoka na masomo, na nilipoachia darasa la saba hakugomba, alinipa kikapu cha kuchumia kahawa, basi.

Kilichokuwa kinanikalisha nyumbani sijawahi kukwambia, na hata sasa mkono unakataa kukuandikia wewe kaka yangu. Muulize mke wako. Ni mambo ya wasichana, yale ya kila mwezi. Mama alikuwa ameshazikwa. Nyumbani mlikuwa wanaume watupu. Ningemwambia nani? Baba? Yule Nyaga mzee ambaye hata akisikia mwanamke mjamzito ametajwa anatoka nje kuangalia kama mvua inakuja? Nilikuwa na gauni moja la shule, na nilikuwa naogopa kusimama mbele ya darasa kusoma.

Ni Nyaga aliniuliza, tukimenya ndizi jikoni. "Mama, kwa nini uliachia darasa la saba na wewe ndiwe mwenye akili kwa hii nyumba?" (Hayo ni maneno yake, mimi sijisifu.) Nikamwambia yote. Sijui ulimi ulitoka wapi. Alinawa mikono akachukua gitaa, na ndizi nikamalizia mimi.

Kumbe alikuwa anatunga. Sasa kila mahali albamu inapouzwa, sehemu ya mapato inanunua vile vitu ambavyo msichana anahitaji ili akae darasani bila wasiwasi. Pakiti zinajaa katoni, katoni zinajaa lori. Tulikuwa Kiirua juzi, upepo wa mlimani unapiga mabati ya shule, na mpiga ngoma wetu, jitu lenye rasta mpaka kiunoni, amebeba katoni kichwani kama mama anayepeleka kabichi sokoni. Wavulana wakaanza kucheka kwa mkono mdomoni. Nyaga akashika maikrofoni, akawaambia, "Cheka sasa umalize, halafu uende nyumbani umuulize dada yako kama jana alicheka."

Wakanisukuma mimi niongee. Mimi! Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza kama anamuuliza bibi yake, "Shosho, na wewe ulikuwa unakosa shule?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, "Na nani alikuwa anakuambia walichosoma wenzako?"

Kaka, nilitaja jina lako. Kiirua nzima inakujua sasa.

Kwa sababu hilo ndilo hujasikia. Huo wimbo ni mrefu, hawa watu wa roki wakianza hawajui kuacha, na redio ile iliukata katikati ikaweka tangazo la mbolea. Ulisikia mwalimu akiita, ukasikia jibu, ukasikia baba akinipa kikapu, basi. Ubeti wa mwisho ni wako. Nyaga anapunguza gitaa mpaka inabaki kama mvua ya juu ya mgomba, halafu anaimba:

"Jioni kaka akarudi na shule mfukoni,
akaimwaga chini, buni kwa buni."

Umesahau? Ulikuwa unatoa zile buni nyekundu mfukoni, unazipanga kwenye udongo pale nyuma ya jiko, unanifundisha hesabu zote za siku hiyo. Hata kikohozi cha mwalimu ulikuwa unakileta nyumbani. Hukuniuliza kwa nini sikwenda. Hata mara moja hukuniuliza. Na baba akipita anadhani tunacheza, anatufokea tusipoteze kahawa ya watu. Nikikaa hapa jioni, nikisikia harufu ya moshi wa kuni mbichi, nipo pale na wewe, miguu yetu imejaa vumbi jekundu na maharagwe meusi ya njahi yanachemka hapo ndani. Ningepewa siku moja ya kurudisha, ningerudisha hiyo.

Sasa hayo ya baba. Unasema mwenye jina lake amemvua nguo. Mimi nimelifikiria jambo hili nikipalilia, na nikipalilia ndiyo akili yangu inakaa sawa. Kwetu jina la babu halipewi mtoto kama kofia ya kuvaa na kuvua. Nilipomzaa, wewe mwenyewe ulikuja Kianjai na kikapu cha ndizi, ukamwangalia, ukasema, "Karibu tena, baba." Sote tumemwita baba tangu hapo. Basi ni baba anayekuja, Njeru. Zamani hakujua, na mwanaume wa siku zile angejuaje? Sasa amejua. Anarudi kwenye shule ileile ambayo binti yake aliiacha, na mikono yake imejaa katoni. Hiyo ni kuvuliwa nguo? Mimi naona baba anavaa nguo mpya.

Lakini kijana amekataa kupiga bila wewe. Mwalimu mkuu ameshatoa uwanja, watu wameshaambiwa, na yeye anasema, "Mama, siwezi kusimama mara ya kwanza mbele ya watu wa kwenu kabla mjomba hajanitemea mate ya baraka kifuani. Akikataa, nitashusha katoni nirudi." Yule wa rasta, mtu wa Nairobi, akamuuliza, "Kwani mjomba wako ndiye mwenye konsati?" Nyaga akamwambia, "Kumzidi mwenye konsati." Tangu turudi kutoka Kiirua hajagusa gitaa. Namwona amekaa nje juu ya spika, anang'oa majani. Mwanaume mzima, picha iko ukutani Meru, na analazwa chini na mtu mmoja wa Karurumo mwenye goti bovu.

Mbuzi wa kukuombea hiyo baraka nimemchagua mimi mwenyewe, beberu mwekundu, Bwana Salimu atampakia pamoja na ngoma. Tutashuka kwako kwanza kabla ya kwenda shuleni. Tukikuta geti umelifunga tutasimama hapo nje, mimi na yeye, mpaka mbuzi apige kelele majirani watoke. Unanijua.

Nisalimie wifi yangu, umwambie aponde mukimo wa kutosha, viazi na mahindi visipungue, na asiogope rasta, wanakula kwa heshima. Nisalimie shangazi yetu mzee pale bondeni, aletwe hata kwa wilbaro ya kusukuma, huyu mtoto ni kaka yake. Nisalimie binti yako anayefundisha chekechea, na mkweo fundi wa mabati, aangalie kama paa la jukwaa litakaa. Hao vijana wa kiwandani pia wasalimie. Waje. Nataka wausikie wimbo mpaka mwisho, wewe ukiwa umekaa mbele.

Ni mimi dada yako, mtoto wa Nyaga, na sasa mama ya Nyaga,

Wawira.

Tunakuja Jumamosi, kaka, Jumamosi ile shule zikifungwa. Nimewaambia wote waje Jumamosi.