Pete za Zohali

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza vinginevyo.

Mama amemaliza eda juzi. Anakula vizuri, anawagombeza kuku kama zamani, na vumbi la Kihonda ni lilelile. Sisi wazima.

Kuna jambo nimekaa nalo tangu ulipofariki, na ndilo lililonifanya nisiiguse darubini yako muda wote huu. Nilikudanganya.

Ilikuwa wiki yako ya mwisho, kisukari kimeshayamaliza macho na huwezi tena kusimama. Kila asubuhi ulikuwa unaniuliza kama nimeipata picha ya Zohali. Mawingu yalishuka kutoka Uluguru siku nne mfululizo. Siku ya tano anga likafunguka. Nikaiweka simu kwenye lenzi ulivyonifundisha, nikarekodi video, nikaipitisha kwenye kompyuta iichuje kuwa picha moja. Kilichotoka ni doa la njano, kama punje ya mahindi iliyolowa. Labda nilitikisa stendi, labda lenzi haikukaa sawa. Sijui.

Asubuhi ukauliza tena, na uso wako, Baba… Nikasema imetoka. Nikasema pete zinaonekana, pana kabisa, zimeizunguka sayari kama ukingo wa kofia. Nilikuwa naitazama ile picha ya Zohali uliyoibandika ukutani miaka ile ulipokuwa ukifundisha fizikia. Ukanishika mkono, ukasema, "Vizuri sana, mwalimu." Siku mbili baadaye ukaondoka.

Hilo neno mwalimu sikulistahili. Watu msibani walinisifu jinsi nilivyokuuguza, nami nikawa nainamisha kichwa tu.

Jana jioni, tukichambua mchicha uani, nikamwambia Mama yote. Hakushtuka. Akasema siku ile nilipotoka chumbani ulicheka mpaka ukakohoa. Ukamweleza kwamba mwaka huu Zohali imetugeuzia pete zake ubavu, kwa hiyo huku kwetu zinaonekana kama uzi mwembamba, na haiwezekani niwe nimeziona pana.

"Kaniletea pete za miaka ya nyuma," ulimwambia. "Muache. Siku akitazama kwa utulivu ataona mwenyewe."

Nililia, Baba, halafu nikacheka, sinia la mchicha likanimwagikia miguuni. Kumbe hukuondoka umedanganywa. Kumbe ulijua, na mkono wangu ukaushika hivyohivyo.

Baada ya Magharibi nikaitoa darubini. Zohali ilikuwa imeshuka upande wa machweo, juu kidogo ya paa la jirani. Nikazungusha lenzi taratibu, nikabana pumzi, nikarekodi. Picha ni ndogo na kingo zake zinatetemeka, lakini uzi upo. Umepita katikati ya sayari kama sindano iliyochoma ndimu. Nikamwita Mama naye atazame moja kwa moja. Akainama, akafumba jicho moja. Kisha akasema, "Ndiyo hii iliyokuwa inamchelewesha kula?"

Hakutaka kuondoka hapo. Nikamsogezea kiti, na Zohali ilipozama nikamgeuzia darubini kwenye sayari ya Mshtarii, akahesabu vimwezi vyake vinne kwa kidole, polepole, halafu akavihesabu tena.

Jana nililala usingizi mzito, wa kwanza tangu tukuzike. Leo kifua changu ni chepesi, ndiyo maana nimeweza kukuandikia.

Mama anataka kiangazi kikiingia tuipandishe darubini kwao Mgeta, ambako taa ni chache na usiku ni mweusi hasa, dada zake nao wauone mwezi kwa karibu. Nakuahidi nitawapeleka. Kioo cha darubini nitakipakata mwenyewe njia nzima, kila kona ya mlima, na kila mama mkubwa na mama mdogo nitampigia picha yake ya mwezi aende nayo nyumbani.

Nenda salama, Baba yangu. Mungu akupe nafasi nzuri huko uliko.

Mwanao,
Zuhura