Maji ya Mgeni

Migori, 14 Novemba 1997

Kwako wifi Mokeira,

Mu wazima huko Homa Bay? Kaka yangu Maroa bado anakoroma? Sisi tupo, ila Sammy wangu anaharisha wiki nzima. Mvua hii imetutenda! Mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Dispensari walitupa dawa ya maji, natia kila siku, na bado mtoto anashinda chooni. Wewe nesi, niambie, hii dawa ni feki?

Mama anatangaza soko zima kwamba Krismasi mtamletea mjukuu, Matiko. Unamjua: mgeni wake hutekewa maji mtoni papo hapo. Maji yaliyolala, anasema, ni ya kuku.

Wifi yako,
Bhoke

Homa Bay, 22 Novemba 1997

Wifi mpendwa,

Sisi wazima, na kaka yako anakoroma vilevile. Pole sana kwa Sammy. Mpeleke dispensari, usingoje.

Dawa si feki. Shida ni tope. Udongo unaimaliza dawa kabla haijafika kwa vijidudu, na vingine vinajificha humo humo topeni. Acha maji yatulie, mimina ya juu polepole, chuja kwa leso safi, ndipo utie dawa. Hata ziwa huku limekuwa jekundu kwa udongo wa mashamba yetu, na wavuvi wanalia samaki wamehama.

Ukweli, naogopa kuja. Mama atamwonjesha Matiko maji kwa kidole chake, na mtoto ana miezi mitatu tu. Nitamzuiaje mbele ya watu? Tayari wanasema Mkisii yule anaringa.

Wifi yako,
Mokeira

Migori, 9 Desemba 1997

Wifi,

Hamjambo? Sammy amepona, anakula kama mchimba kisima! Asante, asante tena.

Mama nilimwambia, akawaka: "Mgeni wangu nimpe maji ya jana?" Sikubishana. Nilijaza maji ya mto kwenye chupa, nikaiweka mezani. Asubuhi tope lilikuwa limelala chini, nene. Mama aliigeuza chupa, akaitazama, akauliza, "Hii ndiyo nimekuwa nikiwapa watu?" Akatoka kwenda shambani na hajalitaja tena.

Sijui atakupa nini siku hiyo. Kuja au kutokuja, amua wewe, sitakulaumu.

Bhoke

Homa Bay, 4 Januari 1998

Wifi yangu,

Tulifika salama, Matiko ni mzima kabisa. Wewe ulikuwa jikoni, hukuona yote.

Mama aliponijia na kikombe, nilimvuta Matiko kifuani. Nikachungulia, maji yalikuwa maangavu hata nikaona maua yaliyochorwa ndani, kwenye kitako cha kikombe! Akawaambia wazee wote waliokuja kutupokea, kwa sauti: "Maji ya haraka nampa mpita njia. Huyu nilimwekea tangu juzi, nikachuja kwa leso yangu ya kanisani, nikatia dawa." Kisha akachovya kidole, nami nikamshika Matiko vizuri ili amfikie.

Nimewafundisha watu usafi wa maji miaka yote hii, Bhoke, na sijawahi kuona mtu akigeuza desturi yake namna ile bila kuivunja. Nampenda mama yako, mwambie hivyo hivyo.

Mokeira

Migori, 17 Januari 1998

Mwanangu Mokeira,

Ni mimi mama mkwe wako, Bhoke ananiandikia. Hujambo? Matiko hajambo?

Nimesikia ulivyosema. Nami nakupenda.

Tangu mwondoke, kila jioni naweka mtungi wenu pembeni, na kila asubuhi naona maji yametulia na hakuna wa kuyanywa. Mnakuja lini?

Mama yako