Mapezi Marefu ya Mama

Hado, Jeju
9 Mei 2019

Mpendwa Mama Mkubwa Chun-wol,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na baridi ya Osaka imekwisha? Dawa ya kuchua uliyotuma tumeipata. Mama ameificha kama dhahabu. Huku sote wazima, ila mimi silali vizuri. Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako uliyaacha baharini.

Nakuandikia juu ya kosa langu. Mama ametimiza sabini na moja na bado anapiga mbizi. Tangu majira ya baridi msuli wa paja humkaza akipanda kutoka chini. Mimi, niliyejifunzia mbizi kwenye bwawa la chuo kule Busan, nikajiona mjuzi. Nikamnunulia mapezi ya kuvaa miguuni, marefu membamba kama yangu: teke moja unafika mbali, paja linapumzika.

Bwawani ni kweli. Huko unashuka mara moja, unapanda, unapumzika, na chini ni vigae vitupu. Mama hushuka mara mia kwa siku, kichwa chini, akijipenyeza kati ya miamba na mwani kuchokoa konokono wa bahari. Kazi hiyo inataka mapezi mafupi ya mpira, yanayogeuka upesi. Sikuliwaza hilo hata kidogo.

Siku ya kwanza wapiga mbizi wenzake walimcheka pale wanapoota moto.

"Chun-ok, hayo mapezi au milango?" aliuliza Mama Yang, kiongozi wao.

"Wivu tu! Wewe mwanao amekuletea nini zaidi ya nguo chafu za kufua?"

Juzi mwani ulilinasa pezi la kushoto, chini kabisa. Mama Yang ndiye aliyemvuta. Mama aliibuka midomo imesawijika. Nilimsihi arudie mapezi yake ya zamani.

"Nikiyavua leo, watasema binti wa Chun-ok hajui kununua," alinijibu. "Sitaki mtoto wangu achekwe."

Mtoto mwenyewe ni mimi, Mama Mkubwa! Nilimnunulia mafupi mapya. Akampa Mama Yang, eti shukrani kwa kumwokoa.

Nikamwendea Mama Yang amkataze kuingia majini. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mama yako ni mkubwa wetu sote; motoni hukaa upande wa heshima, pasipofika moshi. Nani amkataze? Labda yule aliyemfundisha kuzama."

Ni wewe. Tafadhali mwandikie, kwa ukali wa dada mkubwa. Usimbembeleze. Nitamsomea mwenyewe.

Lakini barua hii itachukua wiki kukufikia, na kesho kutwa maji yatakuwa mazuri, wanaanza tena. Nitakaa mwambani nikisikiliza ule mluzi wa pumzi yake kila aibukapo. Kati ya mluzi mmoja na mwingine sina la kufanya.

Nisalimie Baba Mkubwa, na Hye-suk na wanawe. Bahari iliyokulea iwalinde nyote.

Wako akupendaye, mwenye hofu,
Kang Mi-ryeong