Meneja Wenseslaus, Uliyeuza Kihamba kwa Ajili ya Opera

Baba Primus, mwaka umekatika tangu utuache, na watu bado wanatupa pole. Mimi mkeo Justina nazipokea kwa niaba ya nyumba nzima. Siwaambii kwamba pole hizo tulizihitaji zaidi ulipokuwa hai.

Ulipokuwa karani wa kahawa ulikuwa mtu. Uliwaletea watoto mkate, na Jumapili uliongoza kwaya ya parokia mpaka wazee wakafuta machozi. Miaka ile ya tisini kazi zikapunguzwa, ukapewa kiinua mgongo, na badala ya kununua hata mbuzi ukaanzisha kundi la opera. Opera, Moshi hii! Mchezo wa kuimba tu, hata mtu akiomba chumvi aimbe. Mfalme wako alivaa joho la kuogea la mitumba ya Kiboriloni, nawe umesimama mlangoni na tai yako, unawakaripia watu wanaopita kwenda banda la video.

Na majivuno! Watoto wako mwenyewe uliwataka wakuite Meneja. Primus aliposema, "Shikamoo baba," mbele ya waimbaji, ulimgeuzia mgongo. Hilo hatujalimeza.

Halafu ukauza kihamba, shamba letu la ukoo kule mlimani. Wewe kitinda mimba, uliyeachiwa migomba, kahawa na kaburi la baba yako uvitunze, ukamuuzia Eliufoo, mtu baki, upate vipaza sauti na basi la kwenda kuimba Dar es Salaam. Huko waimbaji wako wakachukuliwa na bendi za mahotelini. Ulirudi peke yako ukatukuta Pasua, huku mjini, chumba cha kupanga, sisi na mama yako mzazi.

Kwetu mkosaji hukata jani la sale akaenda nalo kwa aliyemkosea, na hapo hakuna wa kukataa kusamehe. Mama alikungoja uje nalo. Wewe ukamletea kadi ya mwaliko wa kundi lako jipya, kiti cha mbele! Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwako hata hakuzaliwa.

Tulikuzika makaburi ya mjini, kati ya watu tusiowajua. Mwezi uliopita tulimwendea Eliufoo kihambani kumwomba kwamba mama, siku yake ikifika, alazwe kando ya mumewe. Alikubali palepale, tena akaongeza, "Hata Wenseslaus mleteni. Si mwana wa hapa?"

Mama ndiye aliyekataa. "Mwacheni mjini," alisema. "Si alidai huku juu mlimani hakuna wa kumwelewa?" Kisha akajifunika kanga usoni, akalia mpaka Eliufoo naye akatoka nje.

Unakumbukwa na mama yako Monica, mimi mkeo, na wanao Primus na Gladys. Kukusahau hatutakusahau, Meneja. Kila mwenye nyumba akigonga mlango kudai kodi, jina lako tunalitaja.