Mikanda ya Mama Nyaga

Mama,

Kiondo chako kiko hapa kwangu Makutano, juu ya kabati, na Mama Nyaga hatakigusa tena. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Habari nyingine ni fupi. Baba ni mzima. Mvua ya mwaka huu, hii wanayoiita El Nino, imesomba bustani yako ya maua kule Kibugu, yamebaki yale meupe ya kando ya jikoni tu. Nami nimejifungua msichana wa pili, na amechukua jina lako kama inavyotakiwa. Baba alipompakata alimwita kwa jina mara moja, kisha akanirudishia mtoto akatoka nje.

Unakumbuka ulipokuwa huwezi tena kwenda kuchuma chai, ukaniambia nitoe sweta yangu ya shule sandukuni. Tuliifumua pamoja kitandani kwako, wewe ukivuta, mimi nikikunja ule uzi wa rangi ya damu ya mzee. Ulisema, "Hiki kiondo ni chako. Usiambie mtu, watataka." Ukakisuka umelala ubavu. Ilikuwa imebaki mikanda tu ya kukibebea.

Tulipokuzika nilikitafuta, sikukiona. Nikamuuliza Mama Nyaga, maana yeye, mke wa baba mdogo, ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka chumbani kwako. Akanijibu, "Kiondo gani? Mgonjwa alikuwa anaota tu." Mama, neno hilo liliniliza kuliko kaburi lenyewe. Kwamba ulikuwa unaota. Wewe.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita wanawake wa kanisa walikodi gari kutoka Kibugu, wakaja kuniona na mtoto, na viondo vyao vya unga wa wimbi, ndizi na maharagwe ya njahi. Katikati yao alikuwa Mama Nyaga, kiondo chako begani, amekitia mikanda ya ngozi ya kununua sokoni. Hakujua kwamba sweta niliifumua mimi. Alidhani kwa kuwa nimeolewa mbali, nilikisikia tu, sijawahi kukitia machoni. Akaketi kwenye kochi langu akaanza kuwasimulia wenzake, "Hii kiondo imenimalizia macho, mnaona tu." Wakamsifu, wakakigeuzageuza. Mimi nikaendelea kumimina chai.

Desturi unaijua. Mwenye nyumba huvipeleka viondo jikoni, akatoa chakula, akavirudisha na kitu ndani, sukari au majani chai, kwa sababu kurudisha kiondo kitupu ni tusi. Nilivirudisha vya wengine vyote. Chake kikabaki jikoni. Nilichukua kisu cha kumenyea viazi nikakata ile mikanda ya ngozi, nikaitia kwenye karatasi ya nailoni pamoja na sukari, asije akasema alitoka kwangu mikono mitupu. Nikampa mbele ya wote kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha. Nikamwambia, "Mama mdogo, mikanda ni yako. Kiondo ni cha mama, na huo uzi ni sweta yangu ya shule."

Picha yangu ya kidato cha nne imetundikwa ukutani, juu ya pale alipokuwa ameketi. Wanawake wote waliinua macho. Wakaiangalia sweta, wakamwangalia yeye. Akainuka. Alikwenda mpaka kwenye gari na karatasi yake mkononi, na hakuna aliyemsemesha. Nilifurahi, Mama, sitakudanganya. Jioni nilikula sahani mbili za njahi yake.

Juzi amemtuma Baba. Anasema yuko tayari kunisukia mikanda ya katani, inayofaa, bora tu niwaambie wanawake kwamba hatukuelewana. Anajua sijui kusuka mikanda. Anajua uliondoka kabla hujanifundisha, na hapo ndipo aliponigusa kidonda. Baba akasema, "Achana na hiyo maneno, huyo pia ni mama yako." Mama yangu ni mmoja. Nimekataa.

Pengine wewe umeshamsamehe huko uliko, ulikuwa mwepesi hivyo, na mara nyingine ilinikasirisha. Basi hilo ni lako. Mimi ningemsamehe kiondo. Ile ndoto aliyokusingizia ndiyo siwezi.

Lala salama, Mama. Nakuahidi mikanda nitajifunza, hata kama ni kwenda Gachoka kwa wanawake wanaojisokotea katani. Nitakosea, nitafumua, nitarudia. Lakini Krismasi tunakuja Kibugu, na najua nitakuwa bado sijaweza. Nitakibeba kiondo chako kwapani hivyohivyo, mwenye jina lako mgongoni, na nikifika kwenye lango la Mama Nyaga nitasimama nimsalimie kwa heshima zote, mpaka aitikie.

Binti yako,
Marigu