Saba ya Bluu

Tarehe 9 Novemba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi kimekuachia, na yule msimamizi wenu wa zamu amepunguza kuwapigia kelele kana kwamba kiwanda ni cha baba yake. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, yakishapata jua yanatulia. Mdomo wake wenyewe haujapata kuumwa hata siku moja. Binti yako Chiriku anakula, anakua, na anaongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umkatize katikati ya sentensi.

Barua yako ya tarehe 30 nimeipata. Umeandika kwamba tangu Mama akuambie kwenye simu kuwa Chiriku alipata ishirini kati ya ishirini katika usaili wa kuingia darasa la kwanza, umewatangazia wenzako wote, na kwamba mdogo wako sasa ni mwalimu wa walimu. Umenitaka nimpime mguu ili ununue viatu vya darasa la kwanza. Nimeupima, ni sentimita kumi na saba na nusu. Kuhusu darasa lenyewe nina jambo la kukueleza. Sikutaka kulieleza kwa simu kwa sababu nikiongea na wewe Mama huja kukaa ubavuni pangu, na wewe mwenyewe ni bingwa wa kunikatiza. Barua haikatizwi. Nivumilie nifuate tarehe kama nilivyoziandika katika shajara yangu. Unanijua, siwezi kusimulia kitu kuanzia katikati.

Tarehe 6 na 7 Mei walimu wote wa chekechea tulipelekwa semina. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mfupi aliyekuja na kikapu ambacho ungekikuta mlangoni ungekitupa: vizibo vya soda, vijiti, kokoto, maharage, vikombe vya plastiki. Alitueleza kwamba mtoto haijui namba kwa kuiimba, anaijua kwa mikono. Ashike vizibo vitano, avipange mstari, avirundike, avitawanye, aone mwenyewe kwamba bado ni vitano. Mwonyeshe kokoto, funika baadhi kwa kikombe, akuambie ngapi zimejificha. Nilijaza kurasa kumi na moja. Mwenzangu wa chumba cha jirani alijaza usingizi. Aliamka wakati wa chai akamuuliza mkufunzi kama vyeti vitakuwa na picha.

Mwenzangu huyo tunamwita Mama Gundi, nami nitakueleza jina lilikotoka, maana yeye ndiye chanzo cha nusu ya mambo haya. Nusu nyingine utaijua mbele.

Wiki mbili baada ya semina darasa langu lilikuwa na mabeseni manne ya vizibo na maharage, na kelele ambazo sijapata kupenda nyingine kama hizo. Kisha tarehe 20 Mei mtoto mmoja akajisukumia harage puani. Lilitoka baada ya dakika tatu, kwa kupiga chafya, wala hakulia. Lakini Mwalimu Mkuu alifika mbio kana kwamba paa limeanguka. Mwanamke huyu hajawahi kuingia darasani kwangu kuangalia mtoto akijifunza, ila harage moja lilimleta na viatu mkononi. Aliamuru mabeseni yafungiwe stoo. Nilipomkumbusha semina, alisema semina ni semina na pua ni pua.

Hapo ndipo Mama Gundi alipopata ufunuo. Alichukua vizibo, akavipaka rangi, akavibandika kwa gundi juu ya vibao kumi: kimoja kina kizibo kimoja, kingine viwili, mpaka kumi. Kila kibao rangi yake. Cha nne chekundu, cha saba bluu, cha tisa zambarau. Akavipaka vanishi ving'ae. Akavigongelea misumari ukutani, juu, mahali ambapo hata mimi lazima ninyooshe mkono. Vifaa vya kushika, dada, vikapandishwa pasiposhikika. Mwalimu Mkuu nusura amwage machozi kwa furaha. Alisema hivi ndivyo vitu vya kuonyesha wageni, akaagiza kila chumba kitengenezewe seti yake ileile, rangi zilezile, mpangilio uleule. Tarehe 3 Juni vyangu viligongwa. Mama Gundi alikuja mwenyewe na nyundo, akaniambia nisinune, kwani na mimi sasa nitaonekana mwalimu.

Kuanzia siku hiyo somo lilikuwa fimbo na mayowe. Fimbo inagusa kibao cha bluu, watoto thelathini na mmoja wanapiga kelele saba. Inagusa chekundu, wanapiga kelele nne. Wageni walipopita dirishani walitikisa vichwa kwa kuridhika, maana mgeni akisikia watoto wanapayuka kwa pamoja huamini elimu inaendelea humo ndani. Tarehe 17 Julai nilibaki peke yangu wakati wa mapumziko nikavibadilisha vibao misumari, na kwenye misumari miwili nikatundika makaratasi yenye vitone vyeusi badala ya rangi. Waliporudi, watoto ishirini na sita kati ya thelathini na mmoja waliniambia kwamba vitone vinne ni saba, kwa sababu vilikaa mahali pa saba. Niliandika kila jibu. Niliyapeleka matokeo hayo kwa Mwalimu Mkuu katika jedwali safi. Aliliangalia upande mmoja, akaligeuza kuona kama nyuma kuna cha maana zaidi, akaniambia niache kuwachanganya watoto wa watu. Mama Gundi alicheka ofisini mbele ya wote, akasema mimi ndiye mwanamume wa kwanza kumwona anayetega mitego ya watoto wa miaka mitano.

Nilikwenda zangu nikaandika shajara. Kurasa na kurasa za kuwadharau. Nikisoma sasa naona niliandika vizuri sana siku zile.

Sasa kuhusu usaili. Mtahini wa ofisi ya elimu hutumia vifaa vya shule. Maana yake mtoto husimama mbele ya vibao vilevile vya gundi, aulizwe hiki ni ngapi, kinachofuata ni ngapi, kipi kikubwa kati ya hivi. Maswali ishirini. Mtoto mwenye macho na kumbukumbu ya rangi anafaulu. Mwaka huu mtahini alikuwa kijana mwenye haraka, aliyeangalia saa yake zaidi kuliko alivyowaangalia watoto. Kwa jinsi alivyokuwa akitia alama za vema kabla mtoto hajafunga mdomo, nadhani hata kuku angeingia darasa la kwanza.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo nimekuwa nikiogopa kufika.

Binti yako alikuwa mmoja wa wale ishirini na sita. Nilijua tangu Julai. Nyumbani nikimwambia alete vijiko vitano, analeta kadiri kiganja kinavyoweza kubeba. Anaimba mpaka hamsini bila kupumua, kisha ukimwekea machungwa sita anayahesabu mara mbili na kupata saba, halafu nane, na haoni ajabu. Hilo si kosa lake, wala si uzito wa akili. Ni mtoto ambaye hajaachiwa kushika kitu. Mimi mjomba wake nilikuwa na kurasa kumi na moja za namna ya kumsaidia, na vizibo bure kwenye kila duka la soda.

Sikufanya hivyo, dada. Ulikuwa umeshaandika mara tatu kuuliza kama atapanda, na nilishaona jinsi Mama Gundi angekicheka kile kicheko chake endapo mpwa wa mwalimu wa jedwali angeanguka. Kwa hiyo kuanzia tarehe 2 Oktoba, kila jioni tukitoka shule, nilikaa naye kibarazani na boksi la kalamu za rangi. Nilimchorea miraba kumi. Nilimfundisha kwamba nyekundu ni nne, bluu ni saba, zambarau ni tisa. Nilimfundisha kwamba kinachofuata ni kile cha kulia, na kikubwa ni kile kilicho karibu na dirisha. Wiki tatu. Niliandika maendeleo yake kila siku, kwa asilimia. Mama alipita akatuona, akasema tazama mtu anavyompenda mtoto wa dada yake.

Tarehe 24 Oktoba Chiriku akapata ishirini kati ya ishirini, wa kwanza shule nzima. Mama Gundi alikuja kunikumbatia uwanjani mbele ya wazazi. Akaninong'oneza kwamba hatimaye nimekuwa mwenzao.

Hata hapo ningenyamaza, nakuambia ukweli. Tarehe 2 Novemba tulipata wageni wa Mama. Mama akamtuma Chiriku jikoni alete vikombe vinne. Akakaa huko. Mama akaita, akamtania kwamba vikombe haviumwi hata vibembelezwe. Mtoto akarudi mikono mitupu, akamwambia bibi yake kwa heshima zote kwamba vikombe vyote jikoni ni vyeupe, sasa yeye atajuaje vya nne ni vipi.

Wageni walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama alisema huyu mtoto ni mchekeshaji, kafuata ukoo wetu. Chiriku akacheka nao, akanitazama mimi kuona kama amejibu sawa, maana wiki tatu nzima mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia sawa. Nilitoka nje.

Tarehe 4 nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamweleza yote, kosa langu likiwa la kwanza. Nilisema usaili ule haufai, urudiwe kwa vizibo visivyobandikwa. Aliniuliza kama nina homa. Alisema usaili ukirudiwa kwa mmoja utarudiwa kwa wote, na yeye hana mpango wa kuwaeleza wazazi wa watoto thelathini kwamba shangwe yao ilikuwa ya rangi. Kisha akanipa njia yake: kama nina uchungu sana na wangu, basi nimwondoe wangu tu kwenye orodha kama mlezi, nijaze sababu za kifamilia, na wengine niwaache waende. Nilimdharau kwa moyo wangu wote nilipokuwa nikichukua kalamu kutoka mkononi mwake.

Nilitia sahihi. Chiriku hapandi, dada. Atarudia chekechea, chumba changu, mwaka mzima. Wale thelathini watapanda, nami nimewaacha wapande. Ofisi ya elimu sijaiandikia. Nimeanza barua hiyo mara mbili nikaichana mara mbili, na ya pili ilikuwa nzuri. Najua utakachosema. Utasema nilimtumia binti yako kulinda uso wangu, kisha nikamtumia tena kusafisha roho yangu, na mara zote mbili sikukuuliza wewe uliyemzaa. Ni kweli. Nimejaribu kutafuta namna ya kulisema ambayo ingenionyesha mtu wa afadhali kidogo, na sikuipata.

Mabeseni nimeyatoa stoo, na harage sitalitumia tena. Nimemjaribu jana kwa haki, bila rangi, bila kumsaidia kwa macho. Mbili anaitambua kwa kutupa jicho. Tatu anaitambua akisita. Nne bado. Hiyo ndiyo hesabu halisi ya binti yako, na ndiyo ya kwanza ya kweli ninayokuletea mwaka huu.

Ndani ya bahasha utakuta fomu. Sahihi ya mama mzazi inafuta ya mlezi, na orodha inafungwa tarehe 28. Ukitaka apande, jaza uirudishe. Nitaipeleka mwenyewe bila kuichelewesha hata siku moja, na siku ya kufungua shule nitambebea begi mpaka mlango wa darasa la kwanza. Ukitaka abaki, ichome. Mama bado hajui. Anaendelea kuwaambia majirani, na mimi naendelea kukaa pale nikiitikia.

Mama anakusalimu sana na anasema usisahau kujifunika kifua. Chiriku amenisimamia nyuma ya kiti tangu aya ya tatu, anakusalimu naye, na anataka kujua kama barua ina maneno mengi au machache. Nimemwambia mengi. Wasalimie wenzako wa zamu, hasa wale uliowatangazia. Ukiona vema, wape salamu tu kwa sasa.

Ni mimi mdogo wako,

Mjomba wa Chiriku